Gunia la Wimbi Chini ya Kitanda

Kabiro, Kawangware,
Nairobi.
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa mke wangu, Mama Jendeka,

Pokea salamu kabla ya maneno mengine yote, maana salamu hazina kosa. Mimi mwilini ni mzima. Kula nakula, kulala nalala, na kile kikohozi cha mwezi wa nane kiliniacha. Nyinyi je? Goti lako limeacha kukusumbua ukipanda kutoka kisimani? Mama yangu, macho yake yanaendeleaje? Na Jendeka, bado anabishana na mwalimu wa hesabu? Ng'ombe sitamuuliza hali. Nasikia mvua kwetu imenyesha vizuri na nyasi ni tele, basi yeye hana shida.

Barua yako niliipata Ijumaa. Nimezoea barua zako za kurasa nne, ambazo hata jogoo akichechemea unaniandikia. Hii ilikuwa na mistari mitatu. Kwamba Zablon amewaambia alichonusa katika nyumba yangu. Kwamba najua tulivyoahidiana juu ya pombe. Kwamba shule zikifunga unachukua watoto na kurudi kwa wazazi wako. Hukuandika hata jina lako chini. Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma zile ndefu, na kila nikifika mwisho nageuza karatasi nione kama kuna kitu umeongeza nyuma.

Sikulaumu. Miaka minne ya kwanza ya ndoa yetu nilikunywa, na ni wewe uliyekuwa ukija kunitoa kwenye mtaro na taa mkononi. Siku niliyoacha, niliacha mbele ya kanisa lote, na tukiwa njiani kurudi nyumbani uliniambia bila hasira kwamba hutaolewa na chupa mara ya pili. Basi nataka ujue jambo moja kabla sijaendelea: sijapika pombe na sijaionja. Lakini harufu ilikuwepo. Zablon ni jirani mwema na ni mzee wa kanisa, hakusema uongo. Ile harufu imetoka mbali, na ili nikueleze lazima nianze na jambo lingine ambalo nimekuficha tangu mwezi wa tatu.

Kiwandani nilitolewa.

Walipunguza watu. Tuliitwa kwa majina asubuhi moja, tukapewa barua, tukaambiwa asante. Nilitembea kutoka Industrial Area hadi Kibera kwa njia ya reli kama nilivyotembea miaka yote, nikafika chumbani saa ambayo sijawahi kufika, nikakaa kitandani na viatu miguuni. Nilijiambia sitakwambia mpaka nipate kazi nyingine. Nilidhani ni wiki mbili. Wiki mbili zikawa miezi, nikahama Kibera nikaja huku Kabiro, kwenye ploti yenye uwanja kidogo, nawe nikaendelea kukuandikia habari za kiwanda. Nilikuandikia kwamba wameleta mashine mpya kutoka ng'ambo. Hakuna mashine, Mama Jendeka. Ile mashine niliitunga mimi.

Sasa sikiliza gunia lilivyoingia.

Kazi niliyopata ni ya mjengo, ya kubeba mawe, siku ipo na siku haipo. Tunasimama mlangoni pa mjengo upande wa Ayany, kule Kibera, alfajiri, fundi anachagua. Hapo nje kuna mama anayeuza uji, anaitwa Awino, mtu wa kule ziwani, mwenye sauti ya kuita feri. Siku moja nilimwambia uji wake umekuwa kama maji ya kuoshea sufuria. Akaweka kikombe chini.

"Usinilaumu mimi! Kimera ya hii Nairobi ni takataka. Imekaa dukani mpaka imekufa. Na wewe si ni Mluhya? Nitengenezee basi."

"Kwani hiyo nayo ni kazi? Kwetu hata watoto wanajua."

Cheka sasa kama utaweza. Mimi ambaye sijawahi kugusa kimera maishani! Kwetu hilo ni jambo la wanawake, mwanamume akitia mkono kwenye punje za wimbi zilizolowekwa anafukuzwa kwa mwiko. Lakini nilijiambia nimekuona ukifanya miaka kumi na tano. Unaloweka, unamwaga maji, unafunika kwa majani ya mgomba, wimbi linachipua vimkia vyeupe, unaanika, unasaga. Nani asiyejua hayo?

Nilianza na beseni moja, nikafunika kwa gunia la katani lililolowa. Ikatokea vizuri kabisa. Awino alikoroga akaonja, akasema uji umekuwa mtamu kabla hajatia sukari. Nilivimba kichwa. Wauza uji wengine wa Kibera wakaanza kuniulizia, na nikawa mtu wa kimera, nikisagisha huku Kawangware na kupeleka kwa miguu. Siwezi kukuapia kwamba kila mkebe wa gorogoro ulienda kwenye uji na si kwenye pombe. Kuna mama mmoja alinunua bila kusema neno, nami sikumuuliza. Hilo nalo lihesabu katika makosa yangu.

Halafu Awino akapata kazi ya kupikia akina mama wa kanisa lake uji, kongamano la siku tatu. Akataka gunia zima. Mvua nayo ilikuwa imeshika, uwanja wote matope, na mwenye ploti hataki vitu vya watu kwenye ukumbi. Nikaona pamebaki mahali pamoja tu, chini ya kitanda. Majani ya mgomba Kabiro utayatoa wapi? Nikanunua karatasi ya nailoni, ile nene watu wanayozibia paa linalovuja. Wimbi likiwa limekwisha kulowa, nikalizungushia gunia lote, juu na chini, nikalikaza kwa kamba kama mtu anayefunga godoro la safari. Nilikuwa na hesabu yangu: wimbi linaota kwa sababu ya joto, basi nikizuia joto lote lisitoke nitakuwa nimemshinda hata Mama Jendeka. Na panya hawataingia. Ndivyo nilivyojisifu, peke yangu, nikiwa nimepiga magoti kwenye sakafu.

Wiki ile fundi alinichukua siku zote. Sikulifungua gunia. Nilikuwa nikirudi mikono imechubuka, napika ugali wa mtu mmoja, nakula. Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Nikiomba kabla ya kula bado nasema "tunashukuru kwa chakula ulichotupa." Nasema "tu", na hakuna mwingine ndani ya chumba. Nimejaribu kusema "nashukuru" nikashindwa, ulimi haukubali. Upande wa pili wa mabati kuna familia yenye watoto wanne, na wakati mwingine naacha kutafuna ili nisikie vizuri wanavyogombana. Nina upweke, mke wangu. Hili neno sikuwahi kukuandikia kwa sababu mtu mwenye kazi ya kiwandani hapaswi kuwa na upweke, ana wenzake.

Jumapili mchana nikalivuta gunia, nikafungua kamba. Harufu ilinipiga usoni nikarudi nyuma. Ilikuwa pombe. Si kitu kama pombe, ni yenyewe, ile ya zamani, ninayoijua kuliko wengi. Wimbi lilikuwa moto, limeteleza, na vimkia havikuwepo. Nikiwa bado nimeshika kamba, mlango ukagongwa na Zablon akaingia. Alikuwa amekuja Nairobi kwa mambo ya kanisa, akaniulizia Kibera, wakamwelekeza huku.

Alisimama mlangoni. Pua yake ikafanya kazi.

"Ndugu yangu, hii ni nini?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningemwambia "ni kimera imeniharibikia," yangekwisha. Lakini nikimwambia ni kimera, ataniuliza mtu wa kiwandani anafanya nini na gunia la kimera, na nitalazimika kusema yote, naye atafika nyumbani kabla yangu. Nikasema, "Ni ya jirani. Ananiwekea tu."

"Jirani," akasema Zablon. Akaangalia kitanda, akaangalia gunia. "Na huyo jirani yeye hana kitanda?"

Nilimwekea chai. Hakunywa. Mtu aliyekunywa chai yetu tangu tuoane aliiacha ikapoa mbele yangu, akaniaga kwa ncha za vidole, akaenda.

Ukumbuke pia kwamba nilibaki na gunia. Unajua nilichofikiria, kwa hiyo sitaficha. Maji yalikuwa yamekusanyika kwenye mikunjo ya ile nailoni, kikombe kizima au zaidi, na hakuna mtu angejua. Nilikaa nikiyatazama. Jirani wa upande ule mwingine, siyo wale wenye watoto, ndiye aliyekuja kugonga. Ni mwalimu, kijana wa kutoka kando ya ziwa, anaitwa Okelo, anafundisha bayolojia kwenye shule moja upande wa Riruta.

"Mzee, unapika nini huku? Hii harufu imeingia kwa nguo zangu. Kesho wanafunzi watasema mwalimu alilala baa."

Sijui kwa nini yeye nilimwambia yote na Zablon nikamficha. Labda kwa sababu hajui nyumbani kwetu. Alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akachutama, akatia mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko.

"Sikia hiyo joto. Uliweka moto hapa?"

"Moto wa nini?"

"Basi imetoka wapi? Mbegu ndio imeitoa. Mbegu inapumua, mzee."

"Mbegu haina pua."

"Na nani alikuambia kupumua ni pua? Pua ni mlango tu. Kupumua kwenyewe kunafanyika huko ndani."

Akaketi kwenye kitanda changu akanieleza, na akatumia ile sauti ya darasani hata nikakaa wima. Kwamba mwili wa kitu chochote kilicho hai, mimi, wewe, ng'ombe, punje ya wimbi, umejengwa kwa vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vinavyoitwa seli. Chakula hakitupi nguvu tumboni kama nilivyodhani siku zote. Tumbo linakisaga tu. Kinageuka sukari, sukari inabebwa na damu mpaka ndani ya kila chumba kidogo, na huko ndiko inakofunguliwa. Haiwashwi mara moja kama petroli, seli ingeungua. Inavunjwa hatua kwa hatua, na kila hatua inatoa nguvu kidogo. Nguvu nyingine inafanya kazi, ya kubeba jiwe au ya kusukuma mkia mweupe utoke kwenye punje. Nyingine inatoka kama joto. Wimbi nalo limebeba wanga wake ndani ya ganda, likipata maji linaugeuza sukari, ndiyo maana uji wa kimera ni mtamu, halafu linaifungua ile sukari ili liote.

"Sasa shida yako iko hapa," akasema Okelo. "Hatua za kwanza hazitaki hewa. Zinatoa nguvu kidogo tu. Zile za mwisho ndizo zenye nguvu, na hizo lazima zipate oksijeni. Wewe umefunga na nailoni. Zikatumia hewa yote iliyokuwa ndani, ikaisha. Mbegu ifanye nini? Inafanya nusu kazi. Sukari inaishia njiani, na kwa mimea ikiishia njiani inakuwa pombe. Na vile vijidudu vya hamira vikaongezea yake. Hukupika, mzee. Ulizinyima hewa."

Nikamuuliza kama mtu naye akikosa hewa ndani anakuwa pombe. Akacheka tena. Akasema sisi sukari yetu ikiishia njiani inakuwa asidi, ndiyo ile misuli inayochoma ukibeba mawe upesi kuliko unavyoweza kuvuta pumzi. Nikajishika mapaja. Kumbe nilikuwa nayajua haya kwa miguu.

Alipokwenda nikamwaga lile gunia lote nyuma ya choo, pamoja na yale maji, nikaosha nailoni. Ndipo nikakumbuka. Wewe kila asubuhi ulikuwa ukifunua majani, unatia mikono, unageuza lile wimbi la chini kuja juu, unanyunyiza maji, unafunika tena bila kukandamiza. Watoto wakikanyaga majani ulikuwa unawafokea, "Ziacheni zipumue!" Mimi niliketi pale na chai yangu nikidhani ni maneno ya kufukuzia watoto. Miaka kumi na tano, Mama Jendeka, na sikuwahi kukuuliza hata mara moja kwa nini unageuza. Nilidhani kuona ni kujua.

Na kuna jambo la Okelo ambalo limenikaa. Alisema hata joto la mwili wa mtu ni la chakula chake kinachofunguliwa polepole, mchana na usiku, hata ukikaa tu. Nimefikiria nyumba yetu, wewe na watoto na Mama, milango imefungwa kwa mvua, jiko limezimwa, na bado ndani kuna joto. Kumbe ni ninyi. Hapa joto lililopo ni langu peke yangu, na halitoshi chumba.

Sasa nakuja kwenye ombi langu. Okelo alitaka kukuandikia barua yeye mwenyewe, aieleze sayansi yote na kuipigia mhuri wa shule. Nikakataa. Wewe hujawahi kuamini mhuri, unaamini mikono yako, na katika jambo hili hakuna mtu kwetu mwenye mikono kama yako. Chukua konzi mbili za wimbi kutoka ghalani, kutoka mtungi mmoja. Ziloweke pamoja, umwage maji. Konzi moja ifunike kwa majani kama kawaida yako, uigeuze na kuinyunyizia. Nyingine itie kwenye nailoni, ikaze, usiiguse. Siku ya nne fungua zote mbili, na umwite Zablon anuse. Mimi nimefanya hivyo kwa mikebe miwili mbele ya Okelo, na najua utakachokuta. Kama ile ya nailoni haitanuka kama alivyowaambia, basi mimi ni mwongo, na uende kwenu na watoto, nami sitakufuata.

Nakuomba hizo siku nne tu.

Lakini naona haki ni kukuambia lingine. Wimbi litakuonyesha kwamba sikupika. Halitakuonyesha kwamba sikuonja yale maji, na halitakuonyesha chochote kuhusu kiwanda. Miezi minane nilikuandikia uongo kwa mwandiko huu huu unaousoma sasa. Kwa hayo sina mkebe wa kukutumia. Ni mimi tu ninayesema, na unajua nilivyosema zamani. Nimeandika sentensi hii mara tatu nikitafuta namna ya kuifanya iwe na uzito zaidi, nikashindwa, basi iache ilivyo: sikuonja.

Nisalimie mama yangu, mwambie mwanawe hajaumia, ameaibika tu. Nisalimie kaka yako fundi baiskeli, ambaye najua amekwisha kutayarisha chumba cha nyumbani kwenu. Sina ubaya naye. Nisalimie shangazi wa kanisani anayekusomea barua macho yako yakichoka, na kama ni yeye anayesoma hii, shangazi, nakusihi uishie hapa kimya, usiende nayo kwa majirani. Nisalimie Zablon. Mwambie pua yake iko sawa. Mwambie hakuna jirani, kitanda ni changu na gunia lilikuwa langu. Wabusu watoto wote, na Jendeka mwambie mwalimu huwa na haki wakati mwingine hata kama hajui kuongea.

Barua zako zote za mwaka huu uliandika kwa sanduku la kiwanda. Nilikuwa nikitembea kutoka huku Kabiro hadi kule getini kila Ijumaa, na askari mmoja mwema alikuwa akiniwekea. Wengine wakipita kuingia zamu ya jioni mimi nilikuwa nikisimama nje na bahasha yako, nikiisomea hapo hapo barabarani kwa sababu sikuweza kungoja nifike. Usiandike tena huko. Huu ukurasa una anwani ya shule ya Okelo nyuma, nimeiandika kwa herufi kubwa. Utakapojibu, au hata usipojibu, sasa unajua nilipo.

Mume wako,
Baba Jendeka